Mkwe Anayeinyima Injini

Kwa kina Jaldesa, mtu na mama mkwe wake, hata wa kutarajiwa, hawatazamani wala hawasemezani. Siku hiyo uzito wa mizigo ulimlazimu Mama Zeinab kukaa kiti cha mbele, bega kwa bega na rubani. Jaldesa akairusha ndege kutoka Garissa shingo imekakamaa kama mwenye jipu. Maneno yote yalipitia kwa Abdinoor, kaka yake Mama Zeinab, aliyekaa nyuma. Walikuwa wakienda Wajir kwa wazee, na mama alikuwa bado hajasema kama atamtoa binti yake Hamda aolewe na Jaldesa.

Walipofika juu, Jaldesa akavuta polepole kishikio chekundu kupunguza mafuta, mpaka injini ikatulia. Mama akauliza anafanya nini. Abdinoor akamweleza: ikishapanda, haihitaji mafuta mengi.

"Anainyima," mama akasema. "Na Hamda akishatulia nyumbani, atampunguzia nini?"

Abdinoor hakuufikisha ujumbe huo. Jaldesa alikuwa ameusikia vizuri tu.

Karibu na Habaswein wakaingia kwenye unyevu wa mawingu, injini ikaanza kuishiwa nguvu. Jaldesa akatuma neno nyuma kwamba kabureta, pale hewa inapochanganyika na mafuta, imeshika barafu, anaipa hewa moto. Mama akaguna. Barafu, nchi ambayo maji ya mtungi yanachoma ulimi! Jaldesa akavuta kishikio cha pili. Injini ikameza maji ya barafu iliyoyeyuka, ikakohoa vibaya kuliko mwanzo. Abdinoor akaacha ukalimani, akaanza kutoa shahada.

Mama akaona ni njaa tupu. Akakisukuma kile chekundu mpaka mwisho, injini ikazidi kutetemeka. Mkono wake ukaelekea cha pili. Jaldesa hakuweza kuushika mkono wa mkwe wake, na mkalimani alikuwa na Mungu. Akageuka, akamtazama usoni.

"Mama, toa mkono. Haina njaa, imepaliwa. Ukiizimia hewa moto tutaanguka na mafuta yetu tele."

Mkono ukarudi mapajani. Jaldesa akapunguza mafuta tena, hewa moto akaiacha ilipo, akavumilia kikohozi mpaka injini ikanguruma sawasawa. Wakatua Wajir. Jaldesa alijua amekwisha: adabu amevunja, na ubahili umethibitika.

Waliposhuka, mama akamvuta Abdinoor kando, ila sauti yake haikwenda kando.

"Mwambie nimekubali, woga hana. Lakini ufunguo wa stoo atakaa nao Hamda. Huyu atatupimia unga kwa kijiko."

Jaldesa akaitikia kabla mjomba hajafungua mdomo.