Kanuni ya Uani

Fundi cherehani, mwenyekiti wa kamati ya Haki na Amani parokiani, alikuwa na shemeji, mdogo wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu akiwashwa hazimiki. Mwaka ule Redio aligombea udiwani.

Alhamisi alimkuta fundi akishona pindo la sketi, akavuta stuli.

"Shemeji, Jumapili mnatuhoji wagombea pale ukumbini. Nidokezee maswali."

"Watauliza watu wenyewe. Paroko kasema Kanisa halina mgombea. Sisi tunawafundisha waumini wapime: huyu anaheshimu utu wa kila mtu? Anatanguliza maskini? Anatafuta manufaa ya wote? Halafu kuna kanuni ya auni: wanaloliweza walio chini waachiwe walifanye, mkubwa awape mkono tu."

Redio aliyaandika yote gotini, nyuma ya kipeperushi chenye picha yake. "Damu nzito kuliko maji, shemeji," alisema akiondoka.

"Mimi na wewe hatuna damu, tuna ndoa," alijibu fundi, akaendelea kukanyaga cherehani. Moyoni hakutulia. Mumewe alishamwambia mezani kwamba kura ya nyumba ni moja.

Jumapili, baada ya misa, wagombea watatu waliketi mbele. Redio alishamaliza chupa mbili za maji ili kulainisha koo. Akasimama wa kwanza.

"Ndugu waumini, mimi ni mtu wa manufaa ya wote. Na zaidi ya yote, naishi kwa kanuni ya uani."

Paroko alishikwa na kikohozi cha ghafla. Fundi aliinamisha uso. Bibi muuza mkaa akainuka taratibu.

"Ubarikiwe, mwanangu. Wenzako wanazungumza ya barazani tu. Uani kwa soko kuna choo chetu. Unakijua?"

"Nakijua vizuri sana, bibi."

"Mlango wake unafungukia ndani au nje?"

Redio alifikiri kidogo. "Nje."

"Hauna mlango. Huu mwaka wa tatu."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Fundi alikuwa na kengele ya kumaliza zamu mkononi. Angeigonga tu, zamu ingepita na shemeji angeokoka. Akaiweka chini.

"Twendeni tukakione," alisema.

Wakaenda wote. Walipofika, zile chupa mbili zilikuwa zimeanza kudai haki yake, na Redio alihamisha uzito mguu huu na mguu ule hadi uvumilivu ukamwisha, akaingia. Wapinzani wake wakageuka ukutani kwa adabu. Bibi muuza mkaa akatandaza mtandio wake penye uwazi, akatazama pembeni.

Redio alitoka kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Bibi, huwa unakuja hapa?"

"Nikizidiwa. Siku nyingine sinywi maji kutwa nzima."

Redio aliupokea mtandio, akaukunja, akamrudishia.

Kwenye uchaguzi alishindwa na mwalimu mstaafu, mmoja wa wale wagombea watatu, ambaye waliporudi ukumbini alikiri kwamba choo kile alikijua na akanyamaza, na kwamba aliona aibu. Kesho yake Redio alikuja dukani kwa fundi.

"Shemeji, kura yako uliiweka wapi?"

"Sandukuni."

Alicheka mpaka akajipangusa macho. "Basi niazime futi. Mwalimu na wachuuzi wa sokoni wananingoja, tukapime mlango."

Fundi alivua futi shingoni, akampa.