Shemasi Amelala

Ile bastola iliitwa Shemasi, na aliyeibandika jina hilo alikuwa baba yake Lonzo, mzee Ollie Pettway, mtu ambaye angeweza kuchekesha hata maiti, ilimradi maiti mwenyewe hana haraka. Alisema inaitwa Shemasi kwa sababu ni fupi, ni nyeusi, inakwenda kanisani kila Jumapili ndani ya mkoba wa mkewe, na ikishafika huko inalala mpaka baraka za mwisho. Mashemasi wenyewe wa kanisa la Mlima Nebo waliusikia utani huo wakanuna, wote isipokuwa wale waliokuwa wamelala.

Mzee Ollie aliinunua palepale mjini kwao Bessemer, mwaka ambao wezi waliugeuza mtaa wao shamba la bibi. Duka lenyewe liliuza chambo cha samaki, matairi yaliyochakaa na maziwa, na bastola ilikuwa kwenye kabati la kioo, katikati ya visu vya uvuvi. Bei yake ilikuwa ya kuchekesha. Sasa, huyu mzee alishinda kiwandani akimimina chuma cha mabomba, chuma chenye heshima zake, halafu akaja kununua silaha ambayo haikuwa hata ya chuma. Mwili mzima ulikuwa wa zinki, ndugu yake vigari vya kuchezea watoto. "Isahau kwenye gari kwenye joto la mwezi wa nane," alikuwa akisema, "ukirudi utaikuta uji."

Kwa sababu hiyo aliitunza kama mtu anavyolitunza jino bovu. Kila Jumapili ya mwanzo wa mwezi, meza ikishafutwa, alitandaza gazeti, akaleta kipande cha fulana kuukuu, mswaki uliostaafu na kichupa cha mafuta ya cherehani. Kwa mswaki alitoa nyuzi za kitambaa, poda ya uso na makombo ya peremende, maana mkoba wa Mama Verlene ulikuwa na kila kitu isipokuwa nafasi. Mafuta alitia tone moja tu. "Tone la pili ni mafuriko," alimfundisha Lonzo. "Risasi ikilowa, siku ya shida itakupigia chafya." Springi ya magazini, kile kikasha cha risasi, aliipumzisha, kwa sababu springi ya bei chee huchoka ikibanwa, kama mkwe.

Na hakuiamini hata siku moja. Kile kijiti cha usalama cha ubavuni alikiita pambo. Yeye usalama wake ulikuwa mmoja: risasi zikae ndani ya magazini, na chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, iwe tupu. Ukitaka kupiga, uvute kwanza mgongo wa bastola, risasi ipande. Hali hiyo ndiyo aliyoiita kulala. "Shemasi amelala," akisema mzee Ollie, ujue ana chakula tumboni lakini mdomoni hana kitu.

Mzee akafa. Neno lake likabaki nyumbani, ila maana ikahama.

Ilihama hivi. Mama Verlene alipata baridi yabisi, vidole vikapinda kama tangawizi, na ule mgongo wa bastola ukamshinda kuvuta. Mjane anayeishi peke yake atafanyaje na silaha inayotaka nguvu za fundi wa matairi? Siku moja baada ya ibada akamwomba mke wa mchungaji amvutie. Mke wa mchungaji akavuta, risasi ikapanda chemba, akasema "Amina," akarudi kwenye kwaya yake. Toka siku hiyo Shemasi alikuwa na chakula mdomoni, na kilichomzuia kuuma kilikuwa lile pambo tu. Mama Verlene alikisukuma kijiti juu kwa kidole gumba, akafunga kitambaa chake cha zambarau, na kwake yeye huko ndiko kulala. Katika watoto wake hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa nini? Neno lilikuwa lilelile.

Halafu akili ya Mama Verlene nayo ikaanza kuhama.

Lonzo alikuwa kinyozi, na kazini kwake habari humfikia mtu kichwa kikiwa kimeinama. Ndivyo dada yake alivyomwinamisha yeye siku alipokuja saluni, ingawa hakuja kunyolewa. Dorethea aliketi kwenye kiti cha wateja akakizungusha mpaka wakatazamana.

"Lonzo, Mama kanielekezea Shemasi."

"Ulimpikia nini?"

"Usinichekeshe. Nimeingia mlango wa nyuma na mifuko ya sokoni. Kasimama jikoni, mkono hautetemeki. Ananiuliza, 'Wewe mwanamke, nani kakupa ufunguo wa nyumba yangu?' Nikamwambia, Mama, ni mimi, Dorethea. Akaniambia Dorethea yuko shule."

Lonzo akazima mashine ya kunyolea aliyokuwa anaisafisha. Mteja aliyekuwa anasubiri akajifanya anasoma gazeti, gazeti lenyewe juu chini.

Walikwisha jaribu kuificha. Mama Verlene aliipindua nyumba yote, akapiga simu polisi kwamba wanawe wamemwibia, kisha akakaa barazani na kofia yake ya kanisani hadi mkoba uliporudi na uzito wake. Kwa hiyo kuichukua haikuwezekana, na kuiacha ilikuwa kusubiri mtu afe: mtu wa posta, jirani, au mtoto wake mwenyewe.

"Nitatoa pini," Lonzo alisema. "Jumapili naiosha kama alivyofanya Baba, naitoa ile pini inayogonga risasi, narudisha kila kitu. Yeye abaki na Shemasi, sisi tubaki na pumzi."

"Unaweza?"

"Dada, kitu kile hata upepo unaweza kukifungua."

"Mimi nakuuliza wewe, sikuulizi upepo."

Jumapili hiyo walikula kwa Mama, au tuseme walikuwa karibu kula. Dorethea alikuwa anakaanga kuku, wali ukiiva pembeni, feni imewashwa, mboga zimekwisha iva na mguu wa nguruwe, mkate wa mahindi umefunikwa. Lonzo akatandaza gazeti mezani. Mama Verlene alikuwa ameketi mbele yake, kofia kichwani, mkoba mapajani, mikono yote miwili juu ya mkoba.

"Mama, nipe Shemasi nimwogeshe."

"Baba yako ndiye humwogesha."

"Baba yuko kazini, Mama."

Lonzo alikwisha jifunza kutomwua baba yake upya kila wiki. Mara ya kwanza alimwambia ukweli, na Mama Verlene akalia kama taarifa ndiyo kwanza imefika. Tangu hapo mzee alikuwa kazini, zamu ndefu kupita zote za kiwanda kile.

"Jumapili?" Mama akakunja uso. "Watamwua kwa kazi, wale watu. Umenawa mikono?"

"Nimenawa."

"Hebu nione. Hizo nywele za nani kwenye kucha zako?"

"Za mchungaji."

"Basi ni zote alizokuwa nazo," akasema Mama Verlene, na Dorethea akacheka mpaka akaweka uma chini. Kulikuwa bado na siku za namna hiyo, siku ambazo mama yao alirudi nyumbani kwa dakika chache, akawashinda wote kwa ulimi, akaondoka tena.

Akafungua mkoba. Kile kifurushi cha zambarau kikatoka, kikapita juu ya meza, kikatua kwenye kiganja cha Lonzo.

"Amelala?" Lonzo aliuliza. Ndivyo walivyouliza katika nyumba ile siku zote.

"Amelala fofofo."

Lonzo akafungua kitambaa. Akatoa magazini, akaiweka pembeni na risasi zake. Aliona kijiti cha usalama kimepanda juu, akafikiri ni uchafu wa mkoba umekisukuma, kwa vile Baba hakukigusa kamwe. Akakishusha kwa ukucha. Kuvuta mgongo kwanza na kuchungulia ndani lilikuwa somo lingine la mzee, na Lonzo alilijua kama jina lake. Ila alikwisha uliza, na alikwisha jibiwa.

"Lonzo!" Dorethea aliita kutoka kwenye jiko, mgongo kwao. "Ukimaliza uchafu wako, futa hiyo meza kwa sabuni. Sitaki kuku wangu anuke cherehani."

"Kuku wako huyo, hata cherehani ingemsaidia."

"Endelea. Endelea hivyohivyo. Leo utakula shingo."

Kabla ya kufungua, Baba alikuwa anaminya kwanza kifyatulio ili springi ya pini ilegee isije ikaruka na kupotelea chini ya friji. Lonzo akaminya.

Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu kavunja ubao juu ya goti. Feni iliendelea kuzunguka.

"Aii!" Dorethea akaruka, akajishika chini ya kwapa. "Mafuta yamenirukia! Lonzo, umepasua nini?"

 Lonzo aliangalia dari, akaangalia ukuta, akatafuta tundu. Alimwomba Mungu tundu liwe ukutani. Mama Verlene alikuwa amekasirika kama mtu aliyeamshiwa mgeni.

"Nilikuambia amelala," akasema. "Sikusema amekufa."

Na Dorethea akacheka. Hilo Lonzo hawezi kulitoa kichwani. Alicheka, mkono bado kwapani, akageuka akazima jiko kwa uangalifu, moto wa kuku na moto wa wali, kama mtu anayetoka nyumbani. Kisha akaketi sakafuni, taratibu, mgongo kwenye kabati.

"Lonzo," akasema, "haya mafuta mbona yanaunguza kwa ndani?"

Tundu lilikuwa chini ya kwapa lake, dogo kama kifungo cha shati. Gari la wagonjwa lilimchukua akiwa bado anaulizia kama kuku amegeuzwa. Hakufika nalo hospitalini Birmingham; alikufa njiani.

Askari aliyekuja kuchukua bastola aliipima mkononi, akashangaa. "Kadogo hivi tu?" Kisha akamtazama Lonzo, akakumbuka mahali alipo. "Hukuhakikisha kama chemba ni tupu?"

"Mama alisema amelala."

"Nani amelala?"

Lonzo alifungua mdomo amweleze habari za kanisa, za mzee Ollie, na za mashemasi. Akaona jinsi zitakavyosikika mle jikoni, akaufunga. Ni mke wa mchungaji aliyemweleza baadaye, siku ya mazishi, akilia kwenye bega lake, kwamba yeye ndiye aliyevuta ule mgongo, na kwamba Sista Verlene alikwisha mwambia zamani: kwangu mimi akilala, analala jicho moja wazi.

Shemasi hakurudi tena. Lakini mkoba ulikuwa mwepesi, na Mama Verlene aliujua uzito wake kuliko alivyowajua wanawe. Alianza kuipindua nyumba. Lonzo akaenda saluni, akachukua mashine yake ya kunyolea iliyoungua, nzito, ya chuma, akaifunga kwenye kitambaa cha zambarau, akaitia mkobani. Mama akainyanyua, akaipima, akatulia. Macho yake hayakuwa tena ya kuchungulia ndani ya vitu.

Kwa hiyo Jumapili ya mwanzo wa mwezi ikifika, Lonzo hutandaza gazeti. Fulana kuukuu, mswaki, mafuta ya cherehani. Anaisugua meno ile mashine iliyokufa, polepole, kwa sababu mama yake anapenda kusikia sauti ya mswaki.

"Mbona sisikii kuku?" Mama Verlene aliuliza mara ya mwisho. "Dorethea yuko wapi?"

"Yuko kazini, Mama."

"Jumapili? Na yeye?"

"Na yeye."

Mama akatikisa kichwa, akawasikitikia wote wawili. Lonzo akainamisha kichupa juu ya mashine.

"Mwanangu, Shemasi amelala?"

"Amelala, Mama."

Mama Verlene akanyoosha vidole vyake vilivyopinda, akamshika mkono. Siku ile macho yake yalikuwa safi kabisa.

"Kulala kwangu," akauliza, "au kulala kwa baba yako?"

Tone likadondoka. La pili likalifuata, na la tatu, mafuta yakajaa gazetini, na Lonzo hakuinua mkono.