Kipimo cha Suruali ya Marko Mazengo

Jumamosi saa nane mchana Mughwai alikuwa barazani kwake Mandewa, akikunja pindo la pazia la mteja kwenye cherehani, redio ikitangaza mashindano ya pikipiki ya Kilimatinde. Mtangazaji akasema Marko Mazengo ameanguka kwenye kona ya tatu, amebingirika mara mbili na ameinuka bila hata mchubuko. Hapo goti la Mughwai likapasuka. Alisogeza pazia lisipate damu, akamwita mkewe.

Severina alileta maji ya moto yenye chumvi. Chanzo alikijua. Mwezi uliopita Marko alituma kitambaa cha suruali ya mashindano, ila hakupata nafasi ya kuja kupimwa. Mughwai, ambaye picha za Marko zilijaa ukutani mwake hadi kalenda ya kanisa ikakosa pa kukaa, alisema hakuna shida. "Mimi na yeye tunalingana." Akajipima mwenyewe kiuno, paja na goti, akakata. Fundi yeyote atakwambia nguo humfuata aliyepimwa. Mughwai alikuwa na miaka thelathini kwenye kazi hiyo, ila hilo akalisahau kwa mahaba. Mapenzi bwana!

Zahanatini, muuguzi alitoa changarawe nyekundu kwenye jeraha, akaandika: ajali ya pikipiki. Ajali ya pikipiki inataka fomu ya polisi, na polisi naye akataka leseni. Mughwai hakuwahi kuendesha hata baiskeli, kwa hiyo alionywa vikali asirudie kuendesha bila leseni. Akaahidi.

"Ifumue hiyo suruali," alisema Severina wakiwa njiani kurudi. "Mwili ukiisha utashonea nini? Tutakula picha?"

Jumanne Marko alikuja mwenyewe, suruali mkononi, imechanika goti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, baba."  Mughwai hakuwahi kumwona kwa karibu.

Marko aliitazama bandeji kwenye goti la fundi. "Pole, mzee. Ulianguka?"

"Ulianguka wewe."

Marko akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa uzi wa rangi hiyo umekwisha. "Kumbe. Ndiyo maana sikuumia."

Severina akamtupia mumewe futikamba. Mwenye kiuno alikuwa amesimama hapo hapo, dakika tano zingetosha. "Mpime," alisema.

Marko alirudi nyuma hatua moja. "Mama, msibadilishe kitu. Jumapili Kinampanda kuna tuta ambalo hakuna aliyewahi kuliruka." Akamgeukia Mughwai kwa heshima. "Nitaliruka kwa ajili yako, mzee."

Maneno hayo yalimmaliza Mughwai. Alishona kiraka imara, kipimo kile kile.

"Umesikia anavyosalimia?" alimwambia mkewe baadaye. "Kijana ana adabu."

Severina alisema adabu haiungi mfupa.

Jumapili, baada ya ibada, Mughwai alilala kwenye godoro sakafuni, redio kando. Severina alikuwa ameandaa vibao viwili na kanga kuukuu ya kufungia. Marko alianguka mara mbili, ya tatu akaliruka tuta na kuchukua kombe. Mkono wa kulia wa Mughwai ulivunjika mara ya kwanza kwenye kiwiko, mara ya pili juu kidogo. Alishangilia kwa wa kushoto. Redioni Marko alimshukuru Mungu, wazazi wake, na duka lililompa matairi.

"Angetaja wangapi?" alisema Mughwai. "Muda wa redio ni mdogo." Lakini ilimuuma kuliko mkono, na machozi yalimtoka. Severina aliendelea kufunga kibao.

Jumatano basi lilileta kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cha suruali tatu, moja ya Marko na mbili za wenzake wa timu. Kulikuwa na karatasi pia: "Kipimo kile kile. Shikamoo, mzee."

Severina ndiye aliyekuwa kwenye cherehani sasa. Alikusudia kukitia kile kitambaa jikoni kiungue. Alipogeuka, Mughwai alikuwa ameshasimama wima mbele yake, mkono mbovu umening'inizwa shingoni, mzima ameuinua juu ili kiuno kipatikane.

"Pima sasa," alisema, "kabla uvimbe haujaharibu kipimo."

Severina akabana pini mdomoni, akapima. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi mbili. Akaandika hivyo hivyo.