Chumba cha Kupokelea Maziwa

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo, lakini kwa kweli mimi ni mtu wa kusubiri. Ofisi yangu ipo Kwa Mathias, hapa Kibaha, juu ya duka la vifaa vya umeme, na hata ukija asubuhi na mapema utanikuta nimeshachoka. Mteja anakuja na kiwanja chake na ndoto yake, namchorea, anafurahi, anaikunja ramani kama cheti cha ndoa. Halafu tunaanza kuzunguka: serikali ya mtaa, majirani, bango la kutundika getini, tangazo la gazetini, kikao cha kamati ya halmashauri. Kikao ndicho kinachoua. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nimeziona zikiiva, zikaoza, zikaanguka zenyewe, na mvumilivu bado yuko kwenye benchi la nje anaulizwa kama ana kopi.

Mama Holo aliniletea shida yake mwezi wa tano. Jina lake ni Jenifa, Msukuma wa Magu aliyehamia Kibaha na mumewe. Mume alifariki, akabaki na mtoto, nyumba, na banda kubwa la uani ambalo alikuwa ameligeuza kiwanda cha mtindi. Maziwa yanatoka Magindu kwa mdogo wake, Magembe, na wafugaji wenzake. Yanakuja kwa pikipiki kila asubuhi, yanachemshwa, yanagandishwa, yanafungwa kwenye pakiti zenye picha ya ng'ombe aliyenona kuliko ng'ombe yeyote wa Magindu. Mtindi wake ulikuwa mzuri. Mimi ni Mhaya, sisifu chakula cha watu ovyo, lakini ule nilikuwa nakunywa.

Mkaguzi wa chakula alikuwa amekuja akakuta maziwa mabichi yanaingia kwa mlango uleule yanakotokea yaliyofungashwa. Akamwambia ajenge chumba cha kupokelea maziwa, chenye mlango wake, na sinki lake. "Nikirudi mwisho wa Agosti nikakuta bado ni mlango mmoja, nafunga." Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo sheria yake ilivyosema.

Tatizo lilikuwa kwamba kiwanja cha Mama Holo ni cha makazi na biashara. Kwenye kiwanja cha namna hiyo duka ni sawa na mgahawa ni sawa. Kiwanda hapana, mpaka ubadilishe matumizi ya kiwanja, ndipo upewe kibali cha kuongeza jengo. Miaka yote alikuwa ameganda na mtindi wake uani, hakuna aliyemuuliza. Lakini ukitaka kuongeza hata chumba kimoja, ndipo unapoulizwa na vile ulivyonavyo.

Nilimpeleka ofisini kwa afisa wa mipango miji, kijana mstaarabu mwenye macho mekundu ya kutolala. Alisikiliza, akafungua ramani yake ya matumizi ya ardhi, akagusa kiwanja chetu kwa kalamu.

"Mama, viwanda siku hizi viko Kwala, kwenye bandari kavu. Kule kumepangwa vizuri."

"Mwanangu," Mama Holo akasema, "kule nikapange foleni nyuma ya makontena na keni zangu za maziwa?"

Afisa akacheka, akatupa utaratibu wote, na tukaufuata. Majirani walisaini. Mama Raudha wa nyumba ya pili alisaini huku akilalamikia mlio wa pikipiki za alfajiri, lakini alisaini. Bango tulilitundika getini likakaa mpaka jua likafuta maandishi. Gazeti lilitangaza. Tukabaki na kikao. Kikao cha mwezi wa saba kiliahirishwa, na kilipoitwa tena akidi haikutimia, na Agosti ikaingia bila kubisha hodi.

Hapo ndipo nilipomshauri Mama Holo jambo ambalo kila mtu wa huku analijua, na ambalo mafundi wanaliita kazi ya wikiendi. Ijumaa ofisi zikishafungwa, matofali yanashushwa. Mafundi wanaingia, wengi, wanapokezana Jumamosi nzima na Jumapili nzima. Jumatatu afisa akipita anakuta jengo lina bati. Anaandika X nyekundu ukutani, unalipa faini, unaomba kurasimisha, na X yako inafifia taratibu kama bango lilivyofifia. Nusu ya fremu za maduka za barabara hii zilizaliwa Jumamosi. Sisemi ni vizuri. Nasema nimechoka, na yeye alikuwa na wiki chache tu.

"Anselmi," akaniambia, "mimi ni Msabato."

Nilikuwa najua, ila sikuwa nimeliunganisha. Mimi ni Mkatoliki wa Pasaka na Krismasi, siku zangu hazinibani. Sabato yake inaanza Ijumaa jua likizama na inaisha Jumamosi jua likizama. Kiwanda kinafungwa, simu inazimwa, hata chakula cha Jumamosi kinapikwa Ijumaa mchana.

"Basi tujenge Jumapili," akasema.

"Jumapili peke yake? Mama Holo, hata msingi haujakauka. Na kwani kuvunja sheria Jumapili ni halali?"

Aliniangalia bila hasira. "Ya Jumapili nitamwomba msamaha afisa. Ya Jumamosi nitamwomba nani?"

Niliudhika, nakiri, maana mtu akishakubali kulowa ya nini kuchagua mvua? Lakini kiwanja ni chake na dhamiri ni yake. Tukapanga Jumapili, na nikamtafuta Seif, fundi wa Kisarawe mwenye kikosi kinachojenga kama moto unawafukuza.

Tuliyemsahau wote wawili ni Magembe. Yeye ndiye aliyekuwa na ng'ombe. Kanisa aliliacha zamani, na kwake mwisho wa Agosti ulikuwa na maana moja: kiwanda kikifungwa, maziwa yake na ya wenzake waliomwamini yanamwagwa. Alikuwa amewashawishi wafugaji wa Magindu waache kuuza rejareja barabarani, wamletee dada yake. Aliwaapia. Kila asubuhi walikuwa wanamuuliza.

Wikiendi ile Mama Holo alikuwa kwenye makambi ya kanisa, Mlandizi, tangu Ijumaa. Jumamosi saa za mchana Seif alinipigia.

"Injinia, ukuta wa nyuma tunaacha mita ngapi kutoka mpakani?"

"Ukuta gani? Si kesho?"

"Mdogo wake mama kaja jana na matofali. Kasema tuanze. Tuko kwenye linta hapa."

Nilipanda bodaboda. Nilikuta chumba kimesimama, kuta nne, mlango wake, tundu la sinki limeachwa pale nilipolichora, na wanaume wanane wamelowa jasho wanafunga mbao za linta juu ya kuta. Magembe alikuwa katikati yao, shati kalivua, anapokea ndoo za zege. Alinisalimia kwa furaha ya mtu aliyemshika mwizi.

"Yeye hajajenga, kaka. Nimejenga mimi. Dhambi ni yangu, chumba ni chake."

Nilimpigia Mama Holo. Simu ilikuwa imezimwa, kama nilivyojua. Nikasimama pale nikiutazama ukuta, na niseme ukweli, ulinipendeza. Kazi safi, pembe zimenyooka, umbali wa mpakani sawasawa na ramani. Nikawaambia waendelee na linta.

Alirudi jua limezama, bado amevaa nguo zake za ibada, Biblia kwapani. Mafundi walikuwa wananawa. Magembe akamkimbilia, akampokea mkoba, akamshika mkono hadi kwenye mlango mpya.

"Dada, ona. Kesho bati. Jumatatu unapokea maziwa hapa."

Mama Holo aliingia ndani ya chumba, akashika ukuta ambao saruji yake ilikuwa bado mbichi. Alipotoka alimuuliza Seif, siyo Magembe, "Mmejenga lini?"

"Jana usiku mpaka sasa hivi, mama."

"Kesho asubuhi mje mkibomoe chumba hiki. Na msingi mchimbue. Malipo yenu yako palepale."

Nilidhani nimesikia vibaya. Magembe alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Dada, wewe ulikuwa kanisani! Hukushika hata tofali."

"Nyumba ni yangu, Magembe. Anayefanya kazi kwangu siku ile, hata akiwa mgeni, ni mimi ninayefanya. Nitaingiaje humu kila asubuhi? Kila keni itakayopita hapa nitajua imepita wapi."

"Na wale watu wa Magindu? Utawaambia nini? Kwamba Mungu anahesabu matofali?"

Mimi nikaingilia, nikasema tuache kuta, tuweke bati, mambo ya dhambi watayazungumza na mchungaji wiki ijayo. Mama Holo akaniambia kwa upole niende nikapumzike, naonekana nimechoka. Nilikuwa nimechoka kweli, ila siyo kwa sababu aliyofikiri yeye.

Jumapili asubuhi Seif na wenzake walikuja, wakawa wanashika mitarimbo kama watu wanaopelekwa kuua mbuzi wasiyemjua. Hakuna aliyetaka kuanza. Mama Holo akamvua mmoja glovu, akavaa, akachukua nyundo, akapiga ukuta yeye mwenyewe. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili tofali likahama. Magembe alikuwa amekaa kwenye pikipiki getini, anatazama. Dada yake alipopiga la tatu akainuka, akapakia keni tupu, akawasha.

"Umechagua siku," akasema, "ukaniacha mimi na ng'ombe wangu." Akaondoka. Mama Raudha alikuwa dirishani, na hata yeye hakulalamikia ule mlio.

Jumatatu afisa wa mipango miji alikuja. Jirani fulani alikuwa amepiga simu kwamba uani kunajengwa. Alikuja na kopo la rangi nyekundu na brashi, akalizunguka rundo la matofali na lile shimo la msingi, akitafuta pa kuandika.

"Jengo liko wapi?"

Mama Holo akamweleza yote, tangu makambi mpaka nyundo, bila kupunguza. Afisa akaweka kopo chini, akajifuta uso.

"Mama, ungeliacha. Ningekuandikia X, ungelipa faini, ungeendelea. Tungemalizana."

"Najua, mwanangu."

"Sasa umeshaniambia. Siwezi kujifanya sijui. Subiri kikao."

Akaondoka na rangi yake. Tangu siku hiyo alikuwa akipita pale kila jioni, hata Jumapili, labda kwa kulinda, labda kwa kumwonea huruma. Vyovyote vile, Jumapili zote zilizobaki zilifungwa.

Mwisho wa Agosti mkaguzi wa chakula alirudi, akakuta mlango mmoja, akafunga kama alivyoahidi. Magembe na wafugaji wake wakapata mnunuzi wa Kisarawe mwenye gari la ubaridi, anayelipa kidogo na kuchelewesha, lakini anapokea. Mama Holo akaanza kuuza chapati na chai getini, pale tulipotundika bango. Nilikuwa nikipita nanunua, siyo kwa njaa. Magembe hakuja, wala hakupiga simu. Holo, binti yake, aliniambia kwamba mama anasali kwa sauti sasa, jambo ambalo zamani hakulifanya, na katika kusali analitaja jina la mjomba wake kuliko mengine yote.

Kikao kilikaa mwezi wa kumi. Matumizi yakabadilishwa, kibali kikatoka na mihuri yake yote, na mimi nikakipeleka Jumatano mchana nikikimbia kama kijana. Mama Holo alikisoma mstari kwa mstari. Hakupiga vigelegele. Akafuta unga mikononi, akachukua simu, akampigia Magembe, akaweka sauti ya nje, nadhani kwa sababu aliogopa kuwa peke yake.

Iliita sana. Kisha akapokea. Nyuma yake walisikika ng'ombe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Magembe, kibali kimetoka. Naanza kujenga."

Tulimsikia akimfokea ndama.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Jumatano."

"Haya. Jenga basi," akasema, na simu ikakatika.

Hakusema kama ataleta maziwa. Mama Holo akaipeleka simu sikioni ingawa sauti yote tulikuwa tumeisikia wote, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. Nilitaka kumwambia kwamba hasira za ndugu huisha, kwamba mnunuzi wa Kisarawe atawachosha, watarudi. Sikuwa na uhakika.

"Anselmi," akasema baadaye, "mwite Seif aje kesho. Mlango uwe mpana, keni mbili zipite kwa pamoja."

Nikatoka getini kumpigia Seif.