Hodi ya Ephrasia

"Mzee Karugendo, turuhusu tupekue chumba cha kijana wako. Kuna simu imeibwa hapa Kagondo," alisema askari, mwenyekiti wa mtaa akiwa nyuma yake.

"Mke wangu Ephrasia alipozidiwa niliwaomba gari, mkasema halina mafuta. Leo ya kumfuata mwanangu yamepatikana?"

"Ruhusu tu, mzee. Wewe ndiye baba."

Marehemu mkewe hakuwahi kuingia chumbani kwa kijana wao Derick bila kupiga hodi, hata akiwa amebeba sinia la ndizi. Karugendo alikuwa akimcheka: mama mzima, unapiga hodi nyumbani kwako? Sasa angetoa shamba lote la kahawa aisikie tena sauti ile.

Akagonga mlango. "Hodi, Derick. Wanataka kupekua. Waingie?"

"Waingie, tata," Derick alimjibu baba yake.

Simu haikuwepo. Walipoinua godoro walikuta kitenge cha Ephrasia, kile ambacho Karugendo aliwanunia mashemeji mwaka mzima akidhani wamekichukua. Askari akakinyakua, akakikung'uta.

"Hicho kiache," alisema Karugendo. Akakikunja polepole kama alivyokuwa akikikunja mkewe, akakirudisha mwenyewe chini ya godoro la mwanawe.