Kisiwa Kilichozama Viazi Vikiwa Jikoni

Mwaka 1975 mchoraji ramani mmoja aliishiwa wino wa kijani, akalipaka bonde lote la Usangu rangi ya bluu. Kilima chetu cha Uporoto, volkano iliyozimika zamani, kikabaki doa la kahawia katikati ya bahari. Pembeni yake akaandika: Kisiwa.

Tulicheka, halafu tukanyamaza, maana ramani ile ilitufaa. Ulikuwa wakati wa Operesheni Vijiji, watu wakihamishwa kwa amri kwenda vijiji vipya. Wenzetu wa nyuma ya mlima walipakiwa kwenye malori, wakashushwa kando ya barabara kuu. Sisi hatukuguswa. Amri ilisema watu wa visiwani wasubiri meli.

Aliyefurahi kuliko wote ni mama yangu, Evarista. Kaburi la baba lilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni, na kila asubuhi mama alilisalimia kabla hajatusalimia sisi wazima.

"Wakinihamisha," alisema, "nani atamwambia mzee kumekucha?"

Ndipo akaja Ndugu Liberatus, afisa kutoka wilayani, na fomu ya Hali ya Baadaye ya Visiwa vya Volkano. Alikuwa amevuka bonde kwa miguu, suruali ameikunja hadi magotini, viatu amevining'iniza shingoni. Vumbi lilimjaa mpaka kwenye nyusi.

"Leo maji yamekupwa," alisema.

Kule chini ng'ombe wa Bujiku, Msukuma aliyehamia bondeni, walikuwa wanakula majani.

"Na wale?" nikamuuliza. "Wanaogelea?"

Akatazama ramani, akatazama ng'ombe. "Wale hawafuati utaratibu."

Sasa, kwetu mgeni hapingwi kabla hajala. Lolote atakalosema utaitikia. Akishashiba, hata kugombana mnaweza. Na viazi ndiyo kwanza nimevibandika, kuni zimelowa ukungu.

"Mama, mvua zimeongezeka?" Liberatus akamuuliza mama, fomu mkononi.

"Zimeongezeka, mwanangu."

"Na bahari inapanda?"

Mama akanitazama. Nikapuliza moto mpaka machozi yakanitoka. Nikachoma kiazi kwa kijiti: kigumu kabisa.

"Inapanda," akasema mama.

"Kwa hiyo kisiwa kitazama?"

"Mama!" nikapiga kelele.

"Regina, mgeni hajala." Akamgeukia. "Kitazama, baba."

"Lini?"

"Wewe unaonaje?"

"Mwezi wa tisa hivi."

"Basi mwezi wa tisa."

Akaandika, akatoa muhuri mfukoni, akagonga.

Alikula viazi kumi na kimoja. Alipomaliza kunawa, mama alimwambia yote: kwamba bahari hakuna, kwamba hata kisima hatuna, kwamba mume wake amelala pale, asimtenganishe naye. Liberatus alisikiliza mpaka mwisho, na nakiri machozi yalimlengalenga.

"Mama, nimekuelewa kabisa," alisema. "Lakini fomu ina muhuri."

Mwezi wa tisa lori likaja kutuokoa tusizame. Dereva hakuwa na ramani. Alitushusha chini ya kilima, katikati ya ile bluu, mahali ambapo maji ya kunywa tuliyafuata mwendo wa saa mbili. Nilimkasirikia Liberatus, nikavikasirikia viazi, na kwa kweli nilimkasirikia mama kuliko wote. Wiki nzima sikusema naye.

Kisha Liberatus akaja kukagua. Alitukuta mbele ya kibanda cha nyasi, akakunjua ramani yake, akaweka kidole, akakiondoa, akakiweka tena.

"Mama, hapa mlipo hapakai watu. Ni baharini."

"Na kule juu kwa mzee?"

"Kule kumeshazama."

Mama alimvutia kigoda. Yeye akaketi chini, mikono mapajani, akikitazama kilima.

"Kama mzee amezama," akauliza, "na mimi niko majini, basi tuko pamoja?"

Liberatus aliifungua fomu, akaifunga. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Mko pamoja, mama," akasema.

Nikamletea viazi. Safari hii viliiva upesi, kuni za bondeni ni kavu. Hakula hata kimoja, na mgeni asiyekula hapingwi.