Kikapu cha Damari

Tangu watumwe kutoka Kinyangiri kuja kuhubiri Injili huku Sepuka, mwinjilisti Isaka na mkewe Damari walikuwa wamezeekea kazini. Alfajiri mzee aligonga kipande cha reli kuita watu kwenye sala, mkewe akikoroga uji wa wagonjwa. Mwaka ule, Waingereza wakiwa vitani, mvua iligoma. Mganga wa mvua akataka kila nyumba itoe mtama. Isaka akawaka: atakayetoa hata punje atatengwa na kanisa! Damari akaitikia kwa kichwa. Lakini walipomzika mtoto wa jirani aliyekufa kwa njaa, alijaza kikapu mtama akakipeleka mwenyewe kwa mganga.

Mvua ikanyesha. Jumapili Isaka akasimama mbele, machozi yakimlengalenga.

"Mungu amejibu, ndugu zangu, na nyumba yangu haikutoa hata punje! Mama, simama uwe shahidi wangu."

Damari akasimama. Hakuna aliyemtazama. Wote waliinamisha vichwa, maana kwa mganga walikutana wote, tena walimpisha atangulie kwa heshima ya uzee wake.

"Amina," wakaitikia kwa sauti moja, kabla hajafungua mdomo.